NYUMBA YA WASAFIRI YA KWIHARA

1. Nyumba za njiani

Msafiri ana haja ya vitu vitatu: njia ya kupita, chakula cha kula, na mahali pa kulaza ubavu. Njia ndefu isiyo na mahali pa kupumzika humwua msafiri. Ndiyo sababu katika nchi zote watu walijenga nyumba za wageni kando ya njia kubwa.

Zamani katika Ulaya na Marekani, kabla ya gari moshi, watu walisafiri katika magari makubwa yaliyokokotwa na farasi wanne au sita. Magari hayo yalichukua watu, mizigo na barua. Lakini farasi hawezi kukimbia siku nzima. Kwa hiyo, kila baada ya mwendo wa saa chache, palikuwa na nyumba. Farasi waliochoka walifunguliwa, na wengine wenye nguvu walifungwa mahali pao. Wasafiri walikula, wakaota moto, wakalala hata asubuhi.

Je, katika nchi zetu njia kubwa hazikuwako? Zilikuwako. Njia moja ilianza Bagamoyo, katika pwani ya bahari ya Hindi. Ilipita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji, kando ya ziwa Tanganika. Kutoka Ujiji mitumbwi ilivuka mpaka ng'ambo ya magharibi, na njia ikaendelea hata Manyema na mto Lualaba.

Lakini gari la farasi halikupita katika njia hiyo. Sababu yake ni mdudu mdogo, mbung'o. Mbung'o akimwuma farasi humtia ugonjwa uitwao nagana, na farasi hufa. Basi, gari la njia hiyo lilikuwa bega la mtu.

2. Mabega ya wapagazi

Watu waliochukua mizigo waliitwa wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu mashuhuri kwa mwendo na nguvu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Tena alichukua mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Kutoka pwani wapagazi walileta nguo za merikani, shanga na masango ya shaba. Kutoka bara walirudi na pembe za ndovu.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mwenye kushika bendera. Nyuma yake wapagazi walifuatana mmoja mmoja, maana njia ilikuwa nyembamba. Walipofika katika nchi ya mtemi mkubwa walisimama na kutoa hongo. Pasipo hongo hawakupita.

Safari ilikuwa ndefu. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni zaidi ya kilometa 800. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Tabora tarehe 7 Novemba. Mwaka uliofuata walifika Ujiji, wakapanda mitumbwi, wakavuka ziwa mpaka Ubwari, kisha wakaenda Uvira. Burton alidhani Ubwari ni kisiwa. Watoto wa Baraka wangemcheka, maana wanajua kwamba Ubwari ni rasi, na mtu aweza kufika huko kwa miguu. Katika ramani nyingi ghuba iliyo kati ya Ubwari na Baraka huitwa Ghuba ya Burton mpaka leo.

Wapagazi walitoka katika makabila mengi. Ili wasikilizane walisema Kiswahili. Hivyo Kiswahili kilipanda milima, kikavuka ziwa pamoja na mizigo, kikafika Baraka, Fizi na Manyema. Mtoto asomaye somo hili katika Kiswahili, lugha yake ilifika kwa njia hiyo.

Lakini si watu wote waliopita pale walipita kwa kupenda. Wengi walifungwa kamba au minyororo shingoni. Walikuwa wanaume, wanawake na watoto walionyang'anywa kwao, nao waliuzwa kama watumwa. Wengine walitoka Manyema na kandokando ya ziwa Tanganika. Njia ile ile iliyoleta lugha ilipeleka watu utumwani. Tusilisahau jambo hili tunapoisifu njia ya zamani.

3. Tembe ya Kwihara

Karibu na mji wa Tabora, upande wa kusini-magharibi, pana mahali paitwapo Kwihara. Hapo wafanya biashara Waarabu walijenga nyumba kubwa kwa namna ya tembe.

Tembe si nyumba ya msonge. Kuta zake ni za udongo, tena nene sana. Paa lake si la kuchongoka; ni la bapa. Miti mikubwa hulazwa juu ya kuta, fito hupangwa juu ya miti, na udongo hushindiliwa juu ya fito. Vyumba huzunguka ua wa ndani. Upande wa nje madirisha ni machache na madogo. Mbele ya mlango pana baraza, mahali pa kuketi na kuzungumza. Mchana kuta nene huzuia joto, na usiku huzuia mwivi na chui.

Nyumba ya namna hii ilimfaa msafiri. Chumba kimoja kiliwekwa nguo na shanga, kingine kilikuwa jiko, kingine cha kulala. Katika ua mizigo ilifunguliwa, ikahesabiwa, ikafungwa tena.

Tena Tabora palikuwa mahali pa kubadilisha wapagazi. Wapagazi wa kutoka pwani walipofika Unyanyembe walilipwa, nao wakaenda makwao. Mwenye safari alipaswa kutafuta wengine wa kumpeleka Ujiji. Angalieni jinsi jambo hili linavyofanana na nyumba za Ulaya. Kule walibadilisha farasi. Huku walibadilisha watu. Mara nyingi kazi hiyo ilichukua siku nyingi, na mgeni alikaa wiki, hata miezi, akingoja.

4. Mgeni wa kwanza: Stanley

Kabla ya mwaka wa 1871 watu wa Ulaya na Marekani waliuliza: Daktari Livingstone yuko wapi? Yeye alikuwa Mskoti, mganga na mhubiri, aliyesafiri miaka mingi katika Afrika. Habari zake zilikuwa zimekoma. Gazeti moja la Marekani, New York Herald, lilimtuma Henry Morton Stanley amtafute.

Stanley alifika Kwihara tarehe 23 Juni 1871, akapewa tembe moja kuwa nyumba yake. Waarabu wa Tabora walikuja kumwamkia, wakampelekea chakula. Alidhani atakaa siku chache tu. Alikaa karibu miezi mitatu.

Kwanza alishikwa na homa kali. Kisha vita ilizuka. Mtemi Mirambo wa Urambo aligombana na wafanya biashara kwa ajili ya njia na biashara ya pembe, akaifunga njia ya Ujiji. Tarehe 22 Agosti askari wake waliingia Tabora, wakachoma sehemu ya mji. Moshi ulionekana Kwihara. Watu waliokuwa katika nyumba ya Stanley walitoboa matundu katika kuta ili wapate kupiga bunduki kwa ndani. Lakini Mirambo hakuja Kwihara.

Stanley aliondoka tarehe 20 Septemba. Kwa kuwa njia ya kawaida ilikuwa imefungwa, alizunguka upande wa kusini. Kwa hesabu yake mwenyewe, alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Livingstone alikuwa maskini na mgonjwa. Mali yake iliyoletwa kutoka pwani ilikuwa imewekwa Ujiji, na mtu aliyeaminiwa kuitunza alikuwa ameiuza yote. Kuta nene hazifai kitu kama mwenye kushika ufunguo si mwaminifu.

Wote wawili walipanda mtumbwi, wakaenda kaskazini mwa ziwa kuutazama mto Rusizi. Watu wengi wa Ulaya walidhani mto huo unatoka katika ziwa. Wao waliona kwa macho kwamba unaingia ziwani. Kisha walirudi Ujiji, na kutoka Ujiji wakaenda Kwihara. Walifika katika nyumba ile tarehe 18 Februari 1872.

5. Barua zilizotoka mlangoni

Livingstone alikuwa na neno zito moyoni. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, soko kubwa kando ya mto Lualaba, katika nchi ya Manyema. Wanawake wengi walikuwa wamekuja sokoni na samaki, mihogo na vyungu. Ghafula watu wa wafanya biashara, wenye bunduki, waliwapiga risasi. Watu walikimbilia mitumbwi; mitumbwi ikajaa na kuzama. Zaidi ya watu 300 walikufa kwa risasi na kwa maji. Livingstone aliyaona haya yote, naye hakuweza kuwaponya.

Hakuwa na bunduki za kutosha kushindana na wauaji. Alikuwa na kalamu. Aliandika habari yote kama alivyoiona. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley alitoka Kwihara kwenda pwani, akichukua barua na daftari za Livingstone. Alifika Bagamoyo tarehe 6 Mei.

Barua zile zilisomwa Ulaya na Marekani. Watu walishtuka. Serikali ya Uingereza ilituma mjumbe kwa Sultani Barghash wa Unguja, ikamshurutisha. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza watumwa wasipelekwe kwa njia ya bahari.

Biashara ile haikufa siku hiyo. Katika Manyema na kando ya ziwa Tanganika watu waliteswa bado kwa miaka mingi. Lakini mlango mkubwa ulikuwa umefungwa. Damu ya akina mama wa Nyangwe ilisikika mbali, kwa sababu mtu mmoja aliandika kweli, na mwingine aliifikisha salama.

Hapa tufikiri kidogo. Waarabu wa Kwihara waliwapokea wageni kwa ukarimu. Waliwapa nyumba, wali na nyama. Tena hao hao walikuwa na watumwa. Mtu aweza kumpa mgeni chakula kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kumshika ndugu yake shingo. Ukarimu wa kweli haumchagui mgeni mwenye cheo na kumsahau mnyonge aliyefungwa uani.

6. Kungoja miezi mitano

Stanley alipoondoka, Livingstone alibaki Kwihara. Alingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Machi ikapita, Aprili ikapita, Mei, Juni, Julai. Aliandika barua, akahesabu siku. Pamoja naye walikuwako watumishi wake wa siku nyingi: Susi, Chuma, na Halima mpishi wake.

Tarehe 14 Agosti 1872 wapagazi walifika, watu 57. Stanley alikuwa ametimiza ahadi yake. Mmoja wao alikuwa kijana Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika. Zamani alikuwa mtumwa. Alikombolewa, akasomeshwa katika shule ya Bara Hindi. Tarehe 25 Agosti Livingstone alitoka katika nyumba ya Kwihara kwa miguu yake. Hakurudi tena akiwa hai.

7. Mzigo mzito kupita yote

Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake walifanya shauri. Wangaliweza kumzika pale, wakagawana mali, wakaenda zao. Hapakuwa na askari wala hakimu wa kuwazuia. Lakini walisema kwamba mzee wao yafaa arudishwe kwao.

Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright alisoma sala. Mwili waliukausha juani, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaufunga katika mti mrefu ili uchukuliwe begani. Ndipo wakaanza safari, Susi na Chuma wakiwaongoza. Walipita mabwawa, njaa, homa na hofu.

Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Kwihara. Katika nyumba walimkuta Mwingereza Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Watu wa nchi nyingi hawakutaka maiti ipite kwao. Cameron alikuwa ofisa, nao walikuwa wapagazi. Hata hivyo walikataa. Walisema kwamba wataendelea.

Na hatari ilikuja kweli. Mbele kidogo wenyeji waliwakatalia njia. Basi wakatumia akili. Walifunga mabua ya mtama kwa mfano wa maiti, wakayatwika watu wachache, nao wakajifanya wanarudi Unyanyembe kuzika. Mwili wenyewe waliufunga tena uonekane kama mzigo wa nguo. Wenyeji wakauona mzigo wa nguo tu, wakawaacha wapite.

Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili uliwekwa katika mnara wa misioni ya Kikatoliki. Kutoka huko ulipelekwa Unguja, kisha Uingereza. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa London, katika kanisa kubwa la Westminster, walipozikwa wafalme wa zamani. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa waliochukua jeneza.

Lakini wapagazi wengine walilipwa mshahara wao pwani, wakatawanyika. Watu wengi hawayajui majina yao. Jina la Livingstone limeandikwa katika vitabu vyote. Wao walimchukua, nao wamesahauliwa. Nyumba ya Kwihara inatukumbusha kuwaheshimu.

8. Njia ya chuma, na njia ya leo

Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1905. Ilifika Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914. Gari moshi halichoki, wala haliogopi mbung'o. Misafara mikubwa ikakoma, na Kwihara pakanyamaza.

Tembe ya Kwihara imetengenezwa upya, nayo ni nyumba ya makumbusho. Wageni huona kuta zake, ua wake na mlango wake wa nakshi, na habari za Livingstone na Stanley.

Lakini safari za watu hazikukoma. Tangu mwaka wa 1996 maelfu ya watu wa Fizi, Baraka na Uvira wameivuka Tanganika wakikimbia vita. Wengi wamepokewa katika kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma. Wengine wamerudi, nao wamekuta wageni wengine wamekimbilia kwao. Kwa hiyo watu wa Fizi na Baraka wanajua maana ya kubisha hodi usiku mlangoni pa mtu mwingine, na maana ya kuambiwa karibu.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba ya udongo yaweza kujengwa kwa miezi michache. Nyumba ambayo mali ya mgeni haiibiwi, na mnyonge hafungwi uani, hujengwa kwa uaminifu wa wenye kukaa ndani yake.

MAANA YA MANENO

Tembe: nyumba ya kuta za udongo, yenye paa la bapa.
Mpagazi: mtu achukuaye mizigo ya safari kwa mshahara.
Kirangozi: mtu atanguliaye mbele ya msafara na kuonyesha njia.
Hongo: mali iliyotolewa kwa mtemi ili msafara upite katika nchi yake.
Merikani: nguo nyeupe ya pamba, iliyoletwa zamani kutoka Marekani.
Masango: nyuzi nene za shaba, zilizotumiwa kwa biashara na mapambo.
Rasi: nchi kavu iliyoingia ndani ya maji.
Ghuba: maji yaliyoingia ndani ya nchi kavu.
Nakshi: mapambo yaliyochongwa katika mti.

MASWALI

1. Kwa nini magari ya farasi hayakupita katika njia ya Bagamoyo na Ujiji?
2. Nyumba za wasafiri za Ulaya zilifananaje na Tabora?
3. Taja vitu vitatu vilivyoletwa kutoka pwani, na kitu kimoja kilichopelekwa pwani.
4. Burton alikosea nini juu ya Ubwari?
5. Kwa nini Livingstone alikuwa maskini Stanley alipomkuta Ujiji?
6. Ni jambo gani lililotokea Nyangwe tarehe 15 Julai 1871? Habari yake ilifikaje Ulaya?
7. Cameron aliwapa wapagazi shauri gani? Walijibu nini?
8. Wapagazi walifanya nini ili wenyeji wawaache wapite na mwili?
9. Fikiri: ni nani aliyefanya tendo kubwa zaidi, aliyeandika barua, aliyezifikisha, au waliochukua mwili? Toa sababu zako.

KAZI YA KUFANYA

Chora ramani ya njia kutoka Bagamoyo mpaka Nyangwe. Onyesha Tabora, Kwihara, Ujiji, ziwa Tanganika, Ubwari, Baraka na mto Lualaba. Kisha mwulize mzee mmoja wa kwenu: zamani wasafiri walilala wapi walipopita hapa, na ni nani aliyewapokea? Andika majibu yake katika mistari kumi.